Mlima Hauna Kosa
Juu ya viwanja vya ndege vyenye njia ngumu za kutua, na wajibu wa wanaovipanga




Sisi wa Misigiri hatuna kiwanja cha ndege. Tunayo barabara kuu, tunayo njia panda ya kwenda Kiomboi, na mbele yetu upo mlima Sekenke unaowashusha wasafiri kuelekea Shelui. Ndege tunaziona zikipita juu sana, nasi tunarudi kwenye jembe. Basi huenda mtu akauliza: tume ya haki na amani ya watu wa barabarani yajishughulishaje na habari za marubani?

Tunajibu bila kuzunguka. Novemba 2022, habari za ajali ya Bukoba zilipotufikia, tulilisikia neno moja katika jumuiya zetu ndogondogo, na wengine wetu tulilitamka kwa vinywa vyetu wenyewe: "Siku zao zilifika. Ni mapenzi ya Mungu." Tukawaombea marehemu, tukafunga mazungumzo. Kwa kijarida hiki tunayafungua tena, kwa kuwa tumeridhika kwamba neno lile, japo latoka katika moyo wa imani, huwapatia kinga watu wanaopaswa kuulizwa maswali.

1. Neno tunalolikataa

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu alizungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu wakafa. Alikataa katakata kwamba watu wale walikuwa na dhambi kuliko wengine waliokaa Yerusalemu. Tangu siku ile Mkristo hana ruhusa ya kuutazama msiba wa jirani yake na kusema kwamba ulimstahili.

Aidha, Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo. Asipofanya hivyo na mtu akaanguka, nyumba ile inabeba hatia ya damu. Tuitafakari sheria hiyo. Urefu wa nyumba si kosa, wala mvuto wa ardhi umwangushao mtu si kosa. Kosa ni la mwenye nyumba aliyejua kwamba watu watapita juu, asiweke ukingo.

Hivyo ndivyo tunavyovitazama viwanja vya ndege vilivyobanwa kati ya mji, maji na milima. Mlima uliwekwa na Muumba, hauna kosa. Ukungu, mvua na upepo wa ghafla vitakuwapo mpaka mwisho wa dunia. Lakini urefu wa njia ya kurukia, taa zake, vyombo vya kupimia hali ya hewa, boti ya uokoaji, na nyumba zilizoachwa zikajengwa mpaka ukingoni mwa uzio, hayo yote ni maamuzi ya wanadamu wenye ofisi, mihuri na mishahara.

2. Yaliyotokea Bukoba

Kiwanja cha Bukoba kimekaa mjini, kando ya Ziwa Viktoria. Upande mmoja ni maji. Upande wa pili vilima vinasimama karibu. Rubani hana nafasi kubwa ya kuchagua, hasa mvua inapoteremka na ziwa likafunikwa.

Tarehe 6 Novemba 2022, kabla ya saa tatu asubuhi, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia ziwani wakati wa kutua katika hali mbaya ya hewa, mita mia chache tu kutoka njia ya kurukia. Watu 24 waliokoka. Watu 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao.

Kazi ya kutaja chanzo cha ajali ni ya wachunguzi, nasi hatuwaingilii. Tunauliza juu ya yale yaliyofuata. Ndege ilikuwa majini, mkia wake ukionekana na watu waliosimama ufukweni. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi aliupiga mlango kwa kasia ili wasafiri watoke. Wananchi walishika kamba, wakaivuta ndege kwa mikono. Taarifa ya awali ya uchunguzi, iliyotolewa mwezi uleule, ilikiri kwamba uokoaji haukutosha, kwamba wazamiaji walipungukiwa hewa ya kupumulia na boti ilipungukiwa mafuta, na kwamba kama msaada ungalikuwa tayari, huenda wengine wangaliokolewa.

Taifa lilimpongeza kijana yule mvuvi, nasi tunampongeza. Lakini tuseme ukweli: kila tulipomsifu shujaa, tulikuwa tunakiri kwamba waliolipwa kwa kazi hiyo hawakuwa na vifaa. Kiwanja kilicho ufukweni, ambacho ndege zake hupita juu ya maji, kukosa maandalizi ya kutosha ya kuokoa watu majini, ni nyumba isiyo na ukingo. Na mpango wa kujenga kiwanja kingine huko Omukajunguti ulizungumzwa miaka mingi kabla ya asubuhi ile.

3. Goma na Marsabit

Jirani zetu wana makovu yao. Mjini Goma, mashariki ya Kongo, Januari 2002 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na ujiuji wa mawe uliyeyuka ukafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Hiyo ilikuwa kazi ya mlima. Lakini miaka 6 baadaye njia ile ilikuwa bado fupi, na ndege kubwa ziliendelea kuitumia. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege moja ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia na kuingia katika mtaa wa Birere, mtaa wa soko na biashara ndogondogo. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa wasafiri. Novemba 2019 ndege nyingine, ndogo, iliangukia nyumba za mji uleule mara tu baada ya kuruka. Mama auzaye unga hakununua tiketi, lakini nauli aliilipa yeye.

Kule Marsabit, kaskazini ya Kenya, tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya kijeshi iliyokuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa iligonga mlima karibu na mji. Kati ya watu 17, walikufa 14: wabunge watano, na pamoja nao Askofu William Waqo wa Kanisa Anglikana. Safari yao ilikuwa ya kupatanisha jamii zilizokuwa zimemwaga damu; mauaji ya Turbi ya mwaka 2005 yalikuwa bado mabichi mioyoni. Sisi tunaofanya kazi ya haki na amani hatuwezi kuusoma msiba huo kama habari za watu wa mbali. Wapatanishi walikufa mlangoni mwa mji waliokwenda kuuombea amani.

4. Wanaoitwa wavamizi

Kila inapotokea ajali katika mitaa iliyo karibu na kiwanja, husikika sauti ikisema: "Watu hao walivamia." Tunaomba sauti hiyo ijibu maswali machache. Nani aliwapimia viwanja? Nani aliwatoza kodi ya pango la ardhi? Nani aliwapelekea umeme na shule, akawaomba kura? Maskini hajengi karibu na kelele za ndege kwa kuzipenda. Hujenga hapo kwa sababu pana kazi, na ardhi nyingine imewekewa bei asiyoiweza.

Tena, anapoambiwa ahame, mara nyingi huhamishwa kwa maneno kabla ya fedha. Pale Dar es Salaam, wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni walithaminiwa mali zao mwaka 1997 kwa ajili ya upanuzi wa kiwanja cha ndege; wako waliosubiri fidia zaidi ya miaka 10. Kwa miaka yote hiyo mtu hajengi, hakarabati, wala hajui atazikwa wapi. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe mapema. Fidia inayomkuta mjukuu haiwezi kuitwa ya mapema.

Kwa hiyo hatusemi kwamba watu waachwe wakae mwishoni mwa njia ya kurukia. Twasema waondolewe katika hatari kama ndugu wanaookolewa, wala si kama takataka zinazofagiliwa.

5. Wengine walichoweza

Tutaambiwa kwamba haya ni magumu. Ni magumu kweli. Lakini tutazame waliothubutu.

Katika kisiwa cha Madeira, nchini Ureno, njia ya kurukia ya Funchal ilikuwa fupi, imebanwa kati ya mlima na bahari. Novemba 1977 ndege ilipita mwisho wake, wakafa watu 131. Njia ile ikarefushwa, na kufikia mwaka 2000 sehemu yake ilikuwa imejengwa juu ya nguzo za zege zilizosimamishwa pembeni mwa bahari, ikawa na urefu wa mita zaidi ya 2,700. Upepo wa Madeira ni uleule, na marubani wanaokwenda huko wanahitaji mafunzo maalumu.

Hong Kong ilikuwa na kiwanja cha Kai Tak, ambako ndege zilikata kona kali zikiwa chini, karibu na mapaa ya nyumba za watu. Mwaka 1998 kilifungwa, kazi ikahamishiwa mahali pa wazi zaidi. Nchini Honduras, nchi isiyo tajiri, kiwanja cha Toncontín kimezingirwa na milima na mji. Mei 2008 ndege ilipita mwisho wa njia ikaangukia barabarani, wakafa watu 5, wawili kati yao wakiwa barabarani. Mwaka 2021 safari za kimataifa zilihamishiwa Palmerola.

Na hapa kwetu, kiwanja cha zamani cha Dodoma kimo katikati ya jiji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, wakati ambapo ardhi ilikuwa tele na nyumba chache. Leo taifa linagharimia kiwanja kipya cha Msalato, chenye njia ya kilomita 3.6, nje ya mji. Tunashukuru. Lakini tunaonya pia: kama mitaa itaachwa iizunguke Msalato bila mpango, wajukuu wetu wataandika kijarida hikihiki.

6. "Ndege ni za matajiri"

Hoja hii imo ndani ya nyumba yetu, nasi hatutaificha. Wapo wenzetu wasemao kwamba fedha ya taa za kiwanja ingechimba visima Iramba. Ni kweli tuna kiu. Lakini mgonjwa wa rufaa hupanda ndege. Dawa na damu husafirishwa kwa ndege. Na mikopo inayojenga viwanja inalipwa kwa kodi ya sukari na mafuta ya taa tunayonunua sisi sote. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza.

Tena Sekenke yatufundisha. Wazee wetu wanaukumbuka mlima ule ulivyokuwa kabla ya lami, na jinsi safari ya Shelui ilivyokuwa ya kuombeana. Hakuna mzee asemaye kwamba mlima umepungua. Iliyotengenezwa ni barabara. Na lori linapopinduka leo, tunajua kuuliza habari za breki, mzigo na usingizi wa dereva. Mbona basi ndege inapoanguka tunanyamaza na kumtupia Mungu mzigo?

7. Tunayodai

Kwa Serikali na mamlaka za anga na viwanja tunasema: kila kiwanja kilicho kando ya ziwa au bahari kiwe na boti iliyo tayari, wazamiaji waliofunzwa, hewa na mafuta, na mazoezi yafanyike wananchi wakiona. Wavuvi waingizwe katika mipango ya uokoaji kabla ya msiba, wasisubiri kupewa zawadi baada yake. Viwanja vyenye njia ngumu vipewe kwanza vyombo vya hali ya hewa na taa, kabla ya kupambwa kumbi za abiria. Taarifa za uchunguzi wa ajali zitolewe kwa Kiswahili, ili mjane azisome.

Kwa halmashauri tunasema: msipime kiwanja cha makazi mahali mnapojua kwamba mtakuja kukivunja.

Kwa mashirika ya ndege: rubani akiamua kurudi alikotoka kwa sababu ya ukungu, asiulizwe hasara ya mafuta. Na sisi abiria tusimtukane kwa kutuchelewesha.

8. Maswali kwa jumuiya ndogondogo

a) Ni misiba gani hapa Misigiri tuliyoiita mapenzi ya Mungu, nayo ilikuwa uzembe wa mtu?
b) Je, katika kijiji chetu ipo ardhi iliyothaminiwa bila kulipwa? Nani ametumwa kufuatilia, na ameleta jibu gani?
c) Darini petu wenyewe, yaani shuleni, kisimani na katika magari ya kwaya yetu, ukingo uko wapi?

Majibu yaandikwe na katibu wa jumuiya, yaletwe parokiani kabla ya kikao kijacho cha halmashauri ya walei. Tuwaombee marehemu wa Bukoba, Goma na Marsabit. Na tukimaliza sala, tusikae kimya.