Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: Anayejitunzia kripto asiandikwe kwenye daftari

Kwa Gavana, Benki Kuu ya Kenya, Nairobi.
Nakala: Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Mheshimiwa Gavana,

Tangu Novemba 2025 nchi hii ina sheria ya kuwasimamia wanaotoa huduma za mali za kidijitali, na wewe pamoja na wenzako wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndio mliokabidhiwa rungu. Haikuja mapema. Desemba 2015 benki yako ilitangaza kwamba bitcoin si pesa halali na kwamba soko la kripto likianguka, mteja hana wa kumlilia. Kwa karibu miaka kumi onyo hilo ndilo lililokuwa sera yote. Sasa kuna utaratibu wa leseni na kuna wa kuulizwa, na kwa hilo shukrani.

Lakini sheria hiyo inamlenga anayeshika mali za wengine. Mimi nakuandikia kumsemea anayeshika ya kwake mwenyewe, kabla kanuni na masharti ya leseni hayajamgusa kwa bahati mbaya.

Mtu huyo ni fundi wa programu wa Ruaka anayelipwa na kampuni ya ng'ambo kwa dola za kidijitali. Ni mfanyabiashara wa Eastleigh anayeagiza bidhaa China. Ni mwalimu aliyenunua vipande vya bitcoin kidogo kidogo kupitia M-Pesa na hataki kuviacha kwenye simu, kwa sababu anajua simu ya Nairobi inaweza kunyakuliwa dirishani mwa matatu, na laini ikabadilishwa na matapeli kabla hajafika nyumbani. Mwaka 2022 shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, lilikadiria kwamba asilimia 8.5 ya Wakenya wanamiliki kripto. Mimi naona kadirio hilo liko juu. Hata ukilikata nusu, bado ni watu wengi.

Wanaojali usalama wananunua kifaa kisichozidi ukubwa wa flashi, chenye kioo kidogo na kitufe kimoja au viwili. Ufunguo wa siri huzaliwa ndani ya kifaa hicho na hubaki humo. Ukitaka kutuma sarafu, simu au kompyuta inaandaa muamala na kuupeleka kwenye kifaa; kifaa kinakuonyesha kiasi na anwani ya mpokeaji, unabonyeza kukubali, nacho kinatia sahihi. Kinachotoka nje ni sahihi tu. Kompyuta ya saiba iliyojaa virusi haiwezi kuuona ufunguo wenyewe. Mwizi akiiba kifaa cha Ledger na kukosea PIN mara tatu, kifaa kinajifuta. Na si uvumbuzi wa jana: Trezor ya kwanza, iliyotengenezwa Prague, iliingia sokoni mwaka 2014, na Ledger ilianzishwa Ufaransa mwaka huohuo.

Kifaa kikipotea, sarafu hazijapotea, kwa kuwa hazikuwahi kuwa ndani yake. Kumbukumbu ya sarafu hizo iko kwenye mtandao mzima. Kinachozirudisha mikononi mwako ni maneno 12 au 24 uliyoyaandika kwenye karatasi siku ya kwanza, ambayo kifaa kiliyachagua kutoka orodha ya maneno 2,048. (Orodha hiyo ipo kwa Kiingereza, Kijapani, hata Kicheki. Ya Kiswahili haipo, ila kwa hilo siwezi kukulaumu wewe.)

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo badala ya kuacha sarafu zake kwenye soko lenye leseni? Wateja wa soko la kripto la FTX wanalo jibu. Novemba 2022 kampuni hiyo ilizuia watu kutoa sarafu zao, na Novemba 11 ikaomba kinga ya mufilisi huko Marekani. Fedha za wateja zilikuwa zimetumiwa na kampuni dada, na mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alifungwa miaka 25 mnamo Machi 2024. Mt. Gox ya Tokyo ilianguka mwaka 2014. Wadai wake walianza kurudishiwa sarafu Julai 2024. Wala hatuna haja ya kwenda hadi Tokyo. Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu Oktoba 2015, Chase Bank ikafuata Aprili 2016, na zote mbili zilikuwa na leseni yenu ukutani. Mwenye akaunti ya benki leo angalau analindwa na Shirika la Bima ya Amana hadi shilingi 500,000. Mwenye sarafu kwenye soko la kripto hana hata senti ya bima hiyo. Huyu anayejitunzia hatoroki usimamizi wako, Gavana. Anajikinga na jambo ambalo wewe mwenyewe huwezi kumkinga nalo.

Sisemi kwamba kifaa ni hirizi. Februari 21, 2025 soko la Bybit liliibiwa sarafu za takriban dola bilioni 1.5, wizi ambao FBI iliuhusisha na Korea Kaskazini. Maofisa wa soko hilo waliotia sahihi walikuwa na vifaa vya aina hii mikononi. Wezi walichezea ukurasa walioutazama kwenye kompyuta, nao wakaidhinisha muamala ambao kioo kidogo cha kifaa hakikuweza kuwaonyesha kwa lugha inayosomeka. Kifaa kilifanya kazi yake sawasawa: kilitia sahihi kwenye kile kilichoambiwa kitie.

Na hapa kwetu hatari huanza mapema zaidi, dukani. Hivi majuzi niliulizia kifaa hiki katika duka moja la vifaa vya simu katikati ya jiji. Kilikuwepo, kwenye sanduku lililokwisha kufunguliwa, na ile karatasi ya maneno 24 ilikuwa imeshajazwa kwa kalamu ya bluu. "Nimekuandalia kila kitu, boss, wewe ni kuweka pesa tu," kijana akaniambia. Huenda hakujua alichokuwa anasema. Mwenye kuyajua maneno yale ndiye mwenye sarafu, na siku mteja atakapoweka akiba yake, itahamishwa usiku bila mtu kugusa kifaa. Kuna ujanja uliofichika kuliko huo: mwaka 2023 kampuni ya Kaspersky ilifungua Trezor bandia iliyoonekana halali kabisa kwa nje, ikakuta kwamba haikuwa ikibuni maneno mapya bali ilichagua kutoka seti 20 ambazo wezi walikuwa nazo tayari. Watu wananunua mitaani kwa sababu kuagiza kiwandani ni ghali na kunachukua muda. Kifaa cha dola 50 au 80 huko kinafika hapa kikiwa kimeongezwa nauli na ushuru. Benki yako inajua kuelimisha umma. Mlitufundisha kupapasa na kuinamisha noti mpya kutambua bandia. Tangazo la dakika moja redioni, kwamba maneno hujazwa na mwenye kifaa peke yake na hayapigwi picha wala kutajiwa mtu yeyote, hata anayejiita mhudumu wa wateja, lingeokoa watu wengi kuliko faini.

Sasa nifike kwenye linaloniuma hasa, nalo ni daftari.

Mwaka 2020 wadukuzi waliingia kwenye kumbukumbu za duka la mtandaoni la Ledger. Vifaa havikuguswa, wala ufunguo wa mtu haukuibwa. Walichochukua ni orodha ya wateja. Desemba mwaka huo majina, anwani za nyumbani na nambari za simu za watu wapatao 272,000 zikamwagwa mtandaoni. Vikafuata barua pepe za kitapeli na vitisho vya kuvamiwa nyumbani, na mwaka 2021 baadhi yao wakaletewa kwa posta vifaa bandia vyenye barua ya kuwasihi wahamishe sarafu zao. Kosa lao lilikuwa moja tu: kuandikwa mahali pamoja kwamba fulani wa nyumba fulani ana kitu. Januari 2025 David Balland, mmoja wa waanzilishi wa Ledger, alitekwa nyumbani kwake Ufaransa na kukatwa kidole na watekaji waliodai fidia ya kripto, kabla ya askari kumwokoa. Yeye alikuwa anajulikana tayari. Lakini ndiyo sura ya uhalifu wenyewe: ufunguo ukishindikana kudukuliwa, hutafutwa mwenye ufunguo.

Kwa hiyo nikisikia mtu akipendekeza kwamba kila mwenye pochi yake binafsi ya kripto ajisajili, nashtuka. Nchi hii iliona foleni ya KICC mwaka 2023, watu wakitoa picha za mboni za macho ili wapewe sarafu za Worldcoin, na ikachukua hadi Mei 2025 kwa Mahakama Kuu kuamuru data hizo zifutwe. Tunajua jinsi kukusanya kulivyo kwepesi na kufuta kulivyo kugumu. Daftari la wanaojitunzia kripto, likiwa na anwani zao, lingekuwa ramani ya nyumba za kuvamiwa, na kwa mazoea yetu ya kuuziana data halingekaa ofisini mwaka mzima bila kuvuja.

Najua jibu litakalopendekezwa: Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, Februari 2024, na sarafu zinazoingia kwenye vifaa vya watu binafsi hazionekani. Zinaonekana. Soko lenye leseni linamjua mteja wake kwa kitambulisho kabla ya kumuuzia, na miamala ya bitcoin iko wazi milele kwa mpelelezi yeyote. Ulaya, tangu mwisho wa 2024, soko linapotuma zaidi ya yuro 1,000 kwenda kwenye pochi ya mteja mwenyewe, linatakiwa kuthibitisha kwamba pochi hiyo ni yake, na mteja anaweza kuthibitisha kwa kutia sahihi ujumbe mfupi kupitia kifaa chake. Inatosha. Hakuna haja ya kujua analala wapi.

Kuna upande mmoja ninaokubali kwamba uhuru huu unauma. Pesa za marehemu zilizosahaulika benki au kwenye M-Pesa hatimaye hufika kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na mjane akifuatilia anazipata. Za kwenye kifaa hazifiki popote. Mwenyewe akifa bila kumwachia mtu maneno yake, zimekwenda naye. Hilo ni la familia na mawakili kulipanga mapema, halihitaji kanuni.

Mwaka 2007 benki yako ilipoletewa wazo la kutuma pesa kwa simu, ilitoa barua ya kutopinga na kuangalia kwa makini, badala ya kufunga mlango. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho. Masharti ya leseni yaseme kwamba soko lolote litamruhusu mteja kuhamisha sarafu zake kwenda kwenye kifaa chake bila kizuizi na bila ada ya kumkomoa. Yaseme pia kwamba anayetunza mali yake mwenyewe si mtoa huduma, hahitaji leseni wala usajili, na kwamba soko halitaweka anwani ya pochi yake na anwani ya nyumba yake kwenye faili moja. Tafadhali, Gavana, yaandike hayo kabla leseni ya kwanza haijatolewa.

Wako,
Mwananchi anayejitunzia, Nairobi