Mbunge akiaga, ni nani anayemchagua mrithi wake?

Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alipotangaza tarehe 22 Mei 2024 kwamba uchaguzi mkuu ungefanyika tarehe 4 Julai, makumi ya wabunge walikuwa wamekwisha kusema kuwa hawatagombea tena. Wengine walijiunga nao siku chache baadaye, akiwamo Michael Gove, mmoja wa mawaziri wenye uzoefu mkubwa katika serikali hiyo. Orodha ilipokamilika, wabunge 132 kati ya 650 walikuwa wameamua kutotetea viti vyao. Kati yao, 75 walitoka katika chama tawala cha Conservative.

Dalili ya mvua ni mawingu, na wengi waliisoma orodha hiyo kama bishara ya kushindwa. Bishara ikatimia. Chama cha Conservative, kilichopata viti 365 mwaka 2019, kiliambulia viti 121. Hata hivyo, kuitazama orodha hiyo kama utabiri tu ni kuona nusu ya jambo. Swali zito zaidi ni hili: mbunge anapoondoka kwa hiari kabla ya kura kupigwa, ni nani anayemhukumu, na ni nani anayemteua atakayekaa pahala pake?

Kung'atuka na kukimbia

Lugha ya Kiswahili ina neno lake kwa kitendo hiki. Kung'atuka ni neno lenye asili ya Kizanaki, na lilienea baada ya Mwalimu Julius Nyerere kuuacha urais wa Tanzania mwaka 1985. Neno hilo limebeba heshima: mzee huacha kigoda angali na nguvu za kukikalia, ili rika lingine lishike zamu. Lakini si kila anayeondoka ameng'atuka. Wapo wanaoondoka kwa sababu wanaona wazi kwamba wakisubiri watafukuzwa.

Bunge la Uingereza limeziona aina zote mbili. Mwaka 1997, baada ya miaka 18 ya utawala wa Conservative, wabunge 117 hawakugombea tena, na 72 kati yao walikuwa wa chama hicho tawala. Labour kikashinda kwa kishindo. Mwaka 2010 mambo yaligeuka. Wabunge 149 waliaga, idadi kubwa kuliko yoyote tangu Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na 100 kati yao walikuwa wa Labour, chama kilichokuwa madarakani kwa miaka 13. Labour nacho kikaondoka serikalini.

Kashfa ya marupurupu

Kuondoka kwa mwaka 2010 kulikuwa na jambo la ziada. Mwezi Mei mwaka 2009 gazeti la Daily Telegraph lilianza kuchapisha madai ya marupurupu ya wabunge. Wananchi walisoma kwa mshangao madai ya kibanda cha bata cha kuelea bwawani, ya kusafisha handaki la maji linalozunguka jumba la kifahari, na ya mikopo ya nyumba iliyokwisha kulipwa. Spika Michael Martin alilazimika kujiuzulu, jambo ambalo halikuwahi kumpata Spika yeyote tangu mwaka 1695. Wabunge wachache walifikishwa mahakamani na kufungwa jela.

Walio wengi miongoni mwa waliotajwa hawakuvunja sheria ya jinai. Walifanya mambo yaliyowaudhi wapiga kura, na mahakama ya makosa ya namna hiyo ni sanduku la kura. Baadhi yao walitangaza kwamba hawatagombea, na hivyo hawakusimama mbele ya mahakama hiyo. Isitoshe, kwa taratibu za wakati ule, mbunge aliyeacha kiti katika uchaguzi mkuu alilipwa kiinua mgongo cha kati ya nusu mshahara na mshahara mzima wa mwaka, kwa kutegemea umri wake na muda aliotumikia. Alilipwa sawasawa na mwenzake aliyegombea akashindwa. Ni haki kukumbuka kwamba wengi wa wale 149 waliondoka kwa uzee, uchovu au maradhi, wala hawakuguswa na kashfa. Lakini mlango uliotumiwa na wenye heshima zao ndio huo huo uliotumiwa na wenye jambo la kuficha, na mpiga kura hakupewa njia ya kuwatenganisha.

Uingereza ilijirekebisha kwa kiasi. Chombo huru kiliundwa kusimamia malipo ya wabunge. Sheria ya mwaka 2015 iliwapa wananchi uwezo wa kumwita mbunge wao: akifungwa jela, akisimamishwa Bungeni kwa angalau siku 10 za vikao, au akitiwa hatiani kwa madai ya uongo ya marupurupu, saini za asilimia 10 ya wapiga kura wa jimbo hukifanya kiti kiwe wazi. Tena, malipo ya kupoteza kiti sasa hutolewa kwa aliyegombea akashindwa, si kwa aliyeamua kuondoka mwenyewe.

Kwa nini waliondoka mwaka 2024?

Mabadiliko hayo yanatusaidia kuielewa orodha ya mwaka 2024. Hoja ya kwamba wanasiasa huondoka kwa kufuata fedha haitoshi, kwani aliyekaa akashindwa angelipwa zaidi ya aliyeaga. Kulikuwa na sababu nyingine. Kura za maoni ya wananchi zilikionyesha chama cha Conservative kikiwa nyuma ya Labour kwa takriban asilimia 20. Mipaka mipya ya majimbo nayo iliwaacha baadhi ya wabunge bila majimbo waliyoyazoea. Theresa May, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, na Harriet Harman wa Labour, aliyeingia Bungeni mwaka 1982, walikuwa wametumikia miaka mingi, na kwao neno kung'atuka linastahili.

Lakini waliondoka pia vijana. Mhairi Black wa chama cha Scottish National, aliyechaguliwa mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 20, aliaga kabla ya kufikisha miaka 30. Waziri mdogo wa sheria Mike Freer alitaja vitisho dhidi ya maisha yake, baada ya ofisi yake kuchomwa moto mwezi Desemba 2023. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mbunge Jo Cox aliuawa mwaka 2016, na Sir David Amess mwaka 2021, wote wawili wakiwa katika kazi ya kuonana na wananchi wa majimbo yao. Bunge linalowapoteza watu kwa sababu hiyo limepata hasara isiyoweza kufidiwa na uchaguzi.

Siku 16

Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana, na ndiyo inayomgusa mpiga kura moja kwa moja. Tangu tangazo la Bw. Sunak hadi kufungwa kwa uteuzi wa wagombea tarehe 7 Juni zilikuwa siku 16 tu. Katika majimbo yaliyokuwa bado wazi, matawi ya vyama hayakupata nafasi ya kuita wagombea, kuwasikiliza na kuwapigia kura kwa utulivu. Makao makuu yakashika hatamu.

Katika jimbo la Basildon and Billericay, ambako mbunge wa Conservative hakugombea tena, wanachama waliletewa jina moja tu: la Richard Holden, mwenyekiti wa chama, ambaye jimbo lake la zamani lilikuwa limefutwa katika mipaka mipya. Upande wa Labour, mbunge wa North Durham, Kevan Jones, alitangaza kuondoka wakati kampeni imekwisha kuanza. Kiti hicho kilimwendea Luke Akehurst, mjumbe wa halmashauri kuu ya chama. Katika jimbo la Makerfield aliteuliwa Josh Simons, mkuu wa taasisi ya utafiti iliyo karibu na uongozi wa Labour. Wote watatu walichaguliwa kuwa wabunge.

Viongozi wa vyama walijitetea kwamba muda haukutosha, na kwamba hatimaye neno la mwisho ni la mpiga kura. Utetezi huo una ukweli. Bw. Holden alishinda kwa kura 20 tu, katika eneo ambalo chama chake kilikuwa kimeshinda kwa zaidi ya kura 20,000 mwaka 2019. Viti vya Bi May na Bw. Gove, vilivyodhaniwa kuwa ngome, vilichukuliwa na Liberal Democrats. Lakini katika ngome isiyovunjika, anayeteua mgombea ndiye anayeteua mbunge, na kura ya wananchi hubaki muhuri.

Jambo hili si geni kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, wanaojua kelele za kura za maoni ndani ya vyama na malalamiko ya walioongoza nyumbani wakaachwa na vikao vya juu. Wala halimhusu Mwingereza peke yake. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anayeishi Uingereza kihalali ana haki, kama raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa huko. Wengi hawaitumii haki hiyo. Wanaoitumia huikuta karatasi ya kura ikiwa imekwisha kuandikwa majina.

Uchaguzi mkuu ujao wa Uingereza hauna budi kufanyika kufikia Agosti 2029. Bila shaka wabunge wengine watang'atuka, na hakuna anayepaswa kuwazuia. Lakini heshima ya kung'atuka haikamiliki kwa kuaga tu. Mzee anayeacha kigoda huwaachia wenzake muda wa kumtafuta mrithi. Mbunge anayesubiri hadi kampeni ianze ndipo aseme kwaheri hakukirudisha kiti kwa waliompa, bali amekikabidhi makao makuu ya chama. Vyama vikitaka kuaminiwa, viwatake wabunge wao watoe nia yao mapema, na viyaachie majimbo kazi ya kuteua. Na mpiga kura naye asisubiri siku ya kura ndipo aulize ni nani aliyemletea jina hilo.