Zebaki ya Jinoni na Maji ya Ziwani

Jirani yangu hapa Maseno, mwalimu mstaafu aliyewafundisha hesabu watoto na kisha watoto wa watoto hao, ana magego mawili yaliyozibwa kwa amalgamu tangu ujana wake, na kwa muda wa miaka arubaini hayajamkera kwa maumivu wala kwa ufa. Majuzi mwanawe aliye ng'ambo alimpelekea habari kwamba madini yaliyomo mle ni sumu, na kwamba wapo matabibu wa meno, wanaojinasibu kuwa hutibu mwili mzima wala si kiungo kimoja, ambao huyaondoa kwa hadhari kubwa na kwa ujira mkubwa zaidi. Mzee akanijia usiku, kashika shavu kana kwamba limemvimba ghafula.

Hofu yake si ya upuuzi. Amalgamu ni fedha, bati na shaba zilizokandwa kwa zebaki, na zebaki hiyo ni yapata nusu ya uzani wote. Tena ni kweli kwamba mvuke kidogo hutoka mtu atafunapo. Lakini mvuke wa kutafuna ni haba mno ukilinganishwa na ule utokao wakati kekee ya daktari inapokivunja kijazo, joto likapanda na vumbi likatimka. Na ndiyo maana matabibu hao hulitenga jino kwa shuka ya mpira, hulimiminia maji baridi bila kukoma, hukikata kijazo mapande makubwa badala ya kukisaga, huweka mrija wenye nguvu wa kufyonza karibu na jino, humpa mgonjwa hewa safi ya kuvuta puani, nao wenyewe huvaa barakoa za kuzuia mvuke. Utaratibu huo ni mwema, na laiti kila daktari wa meno angeuiga, kwa ajili ya afya yake na ya msaidizi wake kwanza, maana mgonjwa huketi kitini saa moja ilhali wao hushinda humo mwaka mzima. Ninalolikataa ni ahadi iuzwayo pamoja nao, kwamba uchovu, usahaulifu na maumivu ya viungo yatatoweka kijazo kikitoka. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mnamo Septemba 2020, ilishauri kwamba wajawazito, watoto na wenye figo dhaifu waepushwe na amalgamu, na papo hapo ikaonya kuwa kijazo kilicho kizima kisiondolewe pasipo haja ya tiba, kwa kuwa kukiondoa huzidisha mvuke kwa muda na hula sehemu ya jino lenyewe.

Sisi wa pwani ya ziwa hatuhitaji kufunzwa habari za kutoa kinywani kisicho na ila. Wazee wa Kiluo waling'olewa meno sita ya mbele ya chini, yakiwa mazima, kuwa alama ya utu uzima. Ila sijapata kusikia kwamba aliyeyang'oa alidai kutibu figo.

Basi mimi nilimwuliza jirani swali ambalo mwanawe hakuliuliza: "Mwalimu, hiyo zebaki ikitoka kinywani mwako itakwenda wapi?" Akanyamaza. Itakwenda katika beseni la kutemea, na kutoka hapo, kama zahanati haina chujio la kuinasa, itaingia bombani. Huku kwetu, penye mstari wa ikweta, mvua inyeshapo haichagui: ikishuka upande huu au ule, mwisho wake ni Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, na maji machafu ya Kisumu, yakisafishwa Kisat au katika mabwawa ya Nyalenda, hufika humo humo. Katika tope la chini vijidudu huigeuza zebaki kuwa ya namna nyingine, kali kuliko mvuke, nayo huingia katika samaki wadogo, kisha wakubwa, kisha mlaji. Zebaki ya namna hiyo, iliyotoka kiwandani, ndiyo iliyowapooza watu wa Minamata, Ujapani, ambako maradhi yalitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Insafu yanitaka niseme kwamba kiti cha daktari wa meno si mkosaji mkuu. Wachimba dhahabu wa Migori huichoma zebaki. Na Masazumi Harada, tabibu aliyewahudumia wagonjwa wa Minamata, alipowapima nywele watu wa upande wetu wa ziwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, aliwakuta wenye viwango vya kutisha ni watumiaji wa sabuni za kujichubua.

Hata hivyo, udogo wa kosa si hoja ya kuliacha. Kenya, Uganda na Tanzania zilishirikiana katika mradi wa kupunguza amalgamu, na machujio yakafungwa katika baadhi ya zahanati. Na dawa mbadala haikutoka mbali: katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, ndiko ulikobuniwa ufundi wa kukwangua jino bovu kwa vyombo vya mkono na kuliziba kwa saruji ya meno, pasipo umeme wala zebaki. Novemba 2025, huko Geneva, nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, ziliafikiana kuikomesha amalgamu ifikapo 2034. Lakini mkataba hauyafikii yaliyomo vinywani tayari, na hayo yatatoka moja moja kwa miongo mingi, jino likioza, likivunjika au likimtia mwenyewe hofu. Kwa hiyo nasema serikali za kaunti zianze na chujio kabla ya kununua kiti kipya, na leseni ya zahanati ya meno isitolewe mpaka mkaguzi ainame chini ya beseni aone bomba linaelekea wapi.

Mwalimu alikwenda kuuliza hilo mahali alikotaka kutibiwa. Kijana wa mapokezi akamwonyesha sinki. Akarudi na magego yake yote mawili, na Jumapili iliyopita nilimwona akiyatumia, bila huruma, juu ya kichwa cha samaki, ngege.