Motari Naye Ana Tumbo

Jua likifika utosini mjini Bunia, Ituri, karani hufunga droo, fundi cherehani huondoa mguu kwenye mashine, na mama wa soko kuu hufunua sufuria yake bila kumwomba mtu ruhusa. Hata mbuzi wanaozurura mtaa wa Mudzipela hutafuta kivuli wakacheua. Kiumbe mmoja tu haruhusiwi kuona njaa saa hiyo: motari, dereva wa pikipiki, aliyefungiwa katoni tatu za sabuni nyuma na gunia la mchele mbele, na simu ikimlilia mfukoni. “Umefika wapi? Mteja anangoja!”

Basi hula anavyoweza. Andazi moja mkono wa kushoto, usukani mkono wa kulia, vumbi la barabara ndiyo chumvi. Wako wasiokula kabisa mpaka jioni. Hununua kichupa cha kinywaji cha kuamsha mwili, wakasema kimetosha. Wengine, na hawa wanajulikana, huongeza kifuko cha pombe kali. Uganda waliviona vifuko hivyo vinavyomaliza vijana wakavipiga marufuku mwaka 2019. Kijana aliyenyimwa nusu saa ya fufu na sombe akatafuta nguvu kwenye kifuko, kisha akaangukia mtoto wa shule, je, kosa ni lake peke yake?

Kwamba gunia tupu halisimami halihitaji ushahidi, wala hakuna muumini wa mji huu atakayelibishia. Eliya alipolala chini ya mti akiwa amechoka hata kutamani kufa, malaika hakumwanza kwa hotuba. Alimwamsha ale, akamwacha alale, akamwamsha tena ale, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Torati imekataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Na kwa ndugu Waislamu, hata Ramadhani tukufu imemfungulia msafiri mlango: ale leo, alipe siku nyingine. Mwenyezi Mungu amemhurumia msafiri katika ibada yake mwenyewe; tajiri wa pikipiki mbili ni nani hata awe mkali kuliko Muumba? Tena tajiri huyo huyo Jumapili utamwona kiti cha mbele, akiimba kwa sauti kuliko kwaya.

Serikali nayo haikunyamaza. Sheria ya kazi ya Kongo, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, imeweka mpaka wa saa 45 za kazi kwa juma. Jirani Tanzania, ambaye tangu 2022 tumo naye katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, aliandika katika sheria yake ya ajira ya 2004 kwamba aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mkataba nambari 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 bila kusimama. Ulaya ni saa 4 na nusu, kisha dakika 45 za kupumzika, na ndani ya lori kuna mashine inayoandika kila mwendo na kila kituo, hivyo bosi hawezi kumwambia mkaguzi hadithi.

Maneno mazuri yote hayo, lakini motari wa Bunia hamo! Muulize tajiri wake, atajibu upesi: “Huyu si mfanyakazi wangu. Nimempa pikipiki tu, tumepatana.” Na mapatano yenyewe ni haya: kila jioni motari alete hesabu, ile ambayo hapa kila mtu huiita kwa Kifaransa versement. Mvua inyeshe, mafuta yapande, mteja akimbie bila kulipa, hesabu haipungui hata faranga. Kinachobaki juu yake ndicho chakula cha mke na watoto. Kwa hiyo kila dakika aliyokaa akila ameitoa katika sahani ya nyumbani kwake, wala si katika faida ya tajiri.

Hapo ndipo penye mzizi. Wako wema wanaosema, “Tuwaambie vijana wapumzike.” Kumwambia mtu apumzike na huku deni la jioni liko pale pale ni kumwonyesha mtu maji na kumfunga mdomo. Saa ya chakula isiyopunguza hesabu si mapumziko, ni faini. Tajiri mwenye haki na akae na motari wake, waandike kwenye karatasi, na karatasi ni muhimu maana maneno ya mdomo huliwa na upepo: kila siku nusu saa ya mchana simu hailii, na kiasi fulani kinatolewa katika hesabu kwa ajili hiyo. Na mwenye duka anayetuma mizigo asijifiche nyuma ya tajiri. Yeye ndiye anayepiga simu mara tano kabla pikipiki haijavuka daraja.

Watalia kwamba biashara itakufa. Watu wa Ituri wasidanganywe, maana wao wenyewe ni mashahidi. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilipotembea Kivu ya Kaskazini na Ituri ikaua watu zaidi ya 2,200, kila gari na kila pikipiki ilisimamishwa kwenye vituo vya ukaguzi wa afya barabarani. Shuka, nawa mikono, leta paji la uso wapime joto, panda uende. Lori la samaki lilisimama, tajiri aliyekaa mbele kwenye gari lake la kioo cheusi alisimama, na mabosi wa mashirika nao walisimama. Soko halikufa. Mji uliojua kusimama kwa ajili ya uhai wakati ule hauwezi kusema leo kwamba kusimama ni jambo lisilowezekana.

Madereva wa malori mambo yao ni mengine, na haki itendeke kwa kulisema. Anayeshusha mteremko wa kwenda Kasenyi kuchukua samaki wa Ziwa Albert, au anayepanda kwenda Mahagi, hawezi kuegesha popote na kufunua kifurushi chake. Barabara ya Komanda kwenda Beni imeona miaka ya misafara inayolindwa na askari. Atakayebaki nyuma ili ale, anaweza kuliwa yeye. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza Mei 2021, tena hata kabla yake, hakuna dereva anayetaka giza limkute porini. Kwa hao kituo cha chakula lazima kiwe mahali penye watu, kama Komanda, kabla msafara haujaondoka, na anayepanga msafara ahesabu muda wa kula kama anavyohesabu muda wa kukagua karatasi.

Na likitajwa neno karatasi, kalamu inakataa kupita kimya mbele ya vizuizi vya barabarani. Ajabu ya nchi hii ni kwamba dereva hana dakika ya kusimama ale, lakini ana dakika arobaini za kusimama aombwe. Kamba imevutwa kati ya miti miwili, mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki, na huyo hajawahi kukosa chakula cha mchana. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya Ubelgiji, IPIS, ilihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini peke yake. Mia saba tisini na nane! Fedha ya maharage ya dereva imo humo, na ukimuuliza mwenye kamba risiti iko wapi, anakuangalia kama uliyemtukana mama yake. Wakubwa wanaosema barabara zetu ni za hatari na waanze na kamba hizo. Wakizikata nusu tu, kila dereva atakuwa na fedha na muda wa kula, tena na nyama juu.

Turudi mjini. Motari wa Bunia anastahili sifa, na asinyimwe. Usiku mama anaposhikwa na uchungu, hakuna gari la wagonjwa linalopita vichochoro vya Nyakasanza. Anayekuja ni yeye. Milio ya risasi ikisikika upande mmoja wa mji, anayerudi kuwachukua wazee wa watu ni yeye, na mara nyingi nauli haiulizwi. Lakini kijana huyu shujaa ana kiburi kimoja kibaya: hujisifu kwamba ameshinda na njaa. Kwenye stendi utamsikia akiwaambia wenzake kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, na wenzake wanamcheka yule aliyekaa kwa mama lishe, eti ni mvivu. Huyo anayechekwa ndiye mwenye akili. Chama chao kinachojua kukusanya michango na kugombana na polisi kiweze pia kusema: saa sita mchana, stendi hii inakula.

Wala motari wasidhani kunyimwa mapumziko ni aibu ya maskini tu. Marekani, mwaka 2021, kampuni ya Amazon ilikana hadharani kwamba watu wake hukojoa kwenye chupa kazini. Siku chache baadaye ikaomba radhi na kukiri kwamba madereva wake kweli hupata shida ya kupata choo. Miaka mitatu nyuma, jimbo la California lililokuwa limeamuru nusu saa ya chakula liliambiwa na serikali kuu kwamba amri hiyo haiwahusu madereva wa malori makubwa yanayofuata sheria za shirikisho. Utajiri wote ule, na bado wanagombea sahani ya mchana.

Bunia haina haja ya kungoja mahakama iigombee sahani hiyo. Ina miembe ya kivuli kando ya barabara, ina akina mama wanaopika maharage na makemba karibu na kila stendi, na ina wenye maduka wanaowajua motari wao kwa majina. Kesho mchana mmoja wao atashika simu kuuliza mzigo umefika wapi, na upande wa pili kijana atakuwa ndiyo kwanza ananawa mikono, fufu bado inatoa moshi. Na aambiwe ale kwanza; sabuni haiozi.