Kabla hujasema ni kadari, uliza kama bomba lilikuwa na maji



Mwaka jana binamu yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya umma huku kwetu kandokando ya ziwa. Sitaitaja, maana nitakayoyasema wengi wenu mmeyaona kwenye hospitali zenu pia. Mtoto alitoka salama, alhamdulillah. Siku ya nne kidonda kikaanza kutoa usaha na homa ikapanda. Akarudishwa wodini, akakaa wiki tatu. Mumewe ni mvuvi. Aliuza nyavu zake ili alipe bili na dawa.

Nilienda kumjulia hali. Bomba la wodini lilikuwa kavu. Kando yake palikuwa na ndoo ya kunawia, nayo tupu. Shangazi alikuwa amebeba mtungi wa lita 20 kutoka nyumbani. Sista wa zamu alikuwa peke yake na wagonjwa zaidi ya 30, na chupa ndogo ya sanitaiza aliyotuambia ameinunua kwa pesa zake. Glavu tuliandikiwa tukanunue kemisti. Na ukisimama dirishani mwa wodi hiyo, ziwa unaliona. Maji mpaka jicho linachoka, na ndani hakuna ya kunawa mikono.

Jamaa waliokuja kumuona walisema yale tunayosema siku zote: ni mtihani wa Mwenyezi Mungu, ni kadari. Siku hiyo nilinyamaza kwa heshima. Leo sinyamazi.

Kadari tunaiamini, ni nguzo ya imani yetu. Lakini kumbukeni kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh na kuambiwa kwamba tauni imeingia huko. Alishauriana na Muhajirina, Ansari na wazee wa Kikuraishi, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaitoka kadari ya Allah na kuiendea kadari ya Allah. Halafu Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na mafundisho ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe: palipo na tauni usiingie, na kama umo ndani usitoke kuikimbia. Yaani kujikinga nako kumo ndani ya kadari. Kiongozi aliyebeba dhamana ya watu hakukaa akisubiri wafe ndipo aseme inna lillahi.

Sasa tuje kwenye wodi zetu. Ugonjwa unaoupata hospitalini, ambao hukuja nao, una njia zake na zinajulikana. Unapita kwenye mikono iliyotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kunawa. Unapita kwenye vifaa ambavyo havikuchemshwa sawasawa, kwenye mopu moja inayosafisha choo kisha inaingia wodi ya akina mama, na kwenye mpira wa mkojo ulioachwa siku nyingi kuliko inavyohitajika. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema katika ripoti yake ya 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 kati ya kila 100 wanaolazwa hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Kwa nchi tajiri ni 7. Kwa wastani mmoja kati ya kila 10 wanaoambukizwa hivyo hufariki. Ripoti hiyo hiyo inasema kunawa mikono vizuri na hatua nyingine za bei nafuu zinaweza kuzuia mpaka asilimia 70 ya maambukizi hayo. Hapo hatuzungumzii mashine ya mamilioni. Tunazungumzia maji, sabuni na watu wa kutosha kazini.

Na huku kwetu hatari ni kubwa zaidi. Homa Bay ni kati ya kaunti zilizoumizwa sana na UKIMWI. Ni hapa, mwaka 2001, Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kutoa ARV bure katika hospitali ya umma, wakati Wakenya wengi walikuwa hawaziwezi bei. Anayeishi na virusi anaweza kuishi vizuri miaka mingi akinywa dawa. Lakini kama kinga yake imeshuka, mweke saa nne kwenye benchi lililobanana, madirisha yamefungwa, kando ya mtu anayekohoa TB isiyotibiwa, uone. Dirisha wazi ni dawa. Kumtenga anayekohoa mapema ni dawa. Halafu kuna kipindupindu. Mwaka 2025 kiliripotiwa hapo jirani Migori, na pia Kisumu na Nairobi. Hospitali isiyo na maji ikipokea mgonjwa wa kipindupindu, inaweza kuusambaza ugonjwa badala ya kuuzuia.

Tafadhali, usisome haya ukaenda kumfokea sista. WHO imeweka nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi kama kufunga kidonda, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Zidisha hizo kwa wagonjwa 30, kwa mtu mmoja, na bomba kavu. Yeye naye anaumia. Desemba 2020 tulimpoteza Dkt. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa Korona Machakos. Alikufa akiwa hajalipwa kwa miezi na hana bima ya matibabu. Haki ya mgonjwa na haki ya mhudumu ni kitu kimoja.

Na hii ni haki, si hisani ya gavana wala MCA. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, na maji safi na salama ya kutosha. Hospitali za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti. Tena tangu 2023 kuna sheria inayoruhusu hospitali za umma zibaki na pesa zinazokusanya zenyewe ili ziboreshe huduma. Kwa hiyo mtu akikuambia sabuni imekwisha, una haki ya kuuliza: pesa tulizolipa dirishani zimeenda wapi?

Tuulize vipi? Moja, andikeni barua. Ibara ya 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakupa haki ya kujibiwa ndani ya siku 21. Uliza hospitali yenu ilitumia pesa ngapi kwa sabuni, glavu na matengenezo ya maji, na kama ina kamati ya kuzuia maambukizi na inakutana lini. Mbili, twende kwenye vikao vya bajeti. Makadirio ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili na hupitishwa kufikia tarehe 30 Juni. Wengi wetu huonekana Julai tukilalamika. Tatu, misikiti yetu, kuanzia Kendu Bay yenye historia ndefu ya Uislamu mpaka Homa Bay mjini na Mbita, inaweza kuchanga tangi la maji kwa zahanati iliyo karibu. Ni sadaka jaria. Ila tukitoa tangi tusitoe na haki yetu. Serikali ibaki na deni lake.

Na sisi wenyewe tujirekebishe. Tunaenda kuzuru mgonjwa watu 12, na watoto juu, tunakaa kitandani kwake, tunamshika mtoto mchanga kwa mikono iliyotoka kwenye bodaboda. Kuzuru mgonjwa ni sunna, kumpelekea ugonjwa si sunna. Nendeni wawili wawili, nawa ukiingia na ukitoka. Wengine wanakataa sanitaiza eti ina pombe. Baraza la Fiqhi la Rabita lilikutana Makka mwaka 2002 na likaruhusu alkoholi itumike nje ya mwili kuua vijidudu. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, asitumie shaka kuacha kunawa.

Sisi ni umma unaonawa mikono, uso na miguu kabla ya kila swala. Kama kuna watu wanaopaswa kuona aibu ya wodi isiyo na maji, ni sisi.

Binamu yangu amepona. Mumewe bado anavua kwa nyavu za kuazima. Anayetaka tuandike hiyo barua ya kwanza pamoja atutumie ujumbe inbox, aseme yuko wadi gani.

#AfyaNiHaki #MajiWodini