BARAZANI: Gazeti Lililowekwa Kando ya Mama



Mwezi huu nawaomba tukae kitako tulizungumze gazeti moja ambalo katika zama zake halikupigwa chapa wala halikuuzwa hata kwa senti moja.

Mnamo Februari 1891, mjini London, katika nyumba nambari 22 ya mtaa wa Hyde Park Gate, watoto wa Bwana Leslie Stephen walianzisha gazeti la kila wiki, wakaliita Hyde Park Gate News. Waliliandika kwa mkono, katika safu kama za magazeti ya wakubwa. Vanessa alikuwa na miaka 11, Thoby 10, na Virginia 9. Wavulana wa nyumba ile walipelekwa shule. Wasichana walisomeshwa nyumbani. Kwa hiyo kazi ya gazeti iliwaangukia zaidi wale dada wawili. Waliandika habari za wageni waliobisha hodi, za siku za kuzaliwa na safari, na hadithi za kubuni, tena kwa mzaha usiowasaza wakubwa.

Toleo likiwa tayari, waliliweka kando ya kiti cha mama yao, Bi. Julia, wazazi wakiwa mezani kwa chakula cha usiku. Kisha wakangoja, roho juu, wasikie atakalosema. Mama hakuwa mwingi wa sifa. Lakini neno lake moja la kuridhika lilitosha kumjaza Virginia furaha.

Toleo la tarehe 12 Septemba 1892 lina habari fupi kutoka St Ives, pwani ya Cornwall, walikokwenda kila kiangazi. Upepo na maji vilikuwa vizuri, Thoby na Virginia wakaalikwa kwenda kwa mashua hadi kwenye mnara wa taa. Mdogo wao Adrian, mwenye miaka 8, hakuruhusiwa, akasononeka sana. Habari ikaishia hapo. Mwaka 1927 Virginia, ambaye sasa dunia ilimjua kwa jina la Virginia Woolf, alitoa riwaya ya To the Lighthouse, inayofunguka kwa mtoto mwenye hamu ya kwenda kwenye mnara wa taa. Mama katika riwaya ile alichorwa kwa sura ya Bi. Julia, aliyefariki Mei 1895, Virginia akiwa na miaka 13. Gazeti nalo lilikoma mwaka huo huo.

Ndugu zangu, nina la kukiri. Mjukuu wangu aliwahi kuniwekea karatasi iliyokunjwa kando ya kikombe changu cha chai. Juu yake aliandika "Habari za Nyumbani", kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza. Nikachukua kalamu nyekundu, nikasahihisha mstari baada ya mstari, nikamrudishia. Toleo la pili sikuliona tena. Baadaye, nilipoisoma ile karatasi kwa utulivu, ndipo nilipoona habari yake ya kwanza: "Bibi wa Tanga alipiga simu. Mama alilia jikoni, akasema ni vitunguu."

Sisi tulidhani tumemficha, kumbe mwenzetu alikuwa ameona na ameandika, na alikuwa akitafuta mtu wa kumsomea. Mimi nikaona herufi, nisione habari.

Lugha tunayohofia kwamba itawapotea watoto wetu ughaibuni haitahifadhiwa kwa wino mwekundu peke yake. Mtoto huishika lugha akijua kwamba yupo mtu nyumbani anayemngoja aitumie. Makosa yana siku yake ya kusahihishwa. Siku ya kwanza ni ya kusoma na kusema ahsante.

Basi, kwa idhini ya mhariri, ukurasa wa mwisho wa toleo lijalo tumewaachia watoto. Waandike kwa mkono wao, nasi tutautoa kivuli kama ulivyo, pamoja na makosa yake. Mjukuu wangu nimeshamwomba radhi. Amesema atafikiri.

Tukutane mwezi ujao, inshallah.