Kompyuta ya Tawi Iwekwe Mfumo Gani?



Shauri la kompyuta ya tawi limezungumzwa sana hapa Kabiria, ofisini na hata ndani ya matatu, na sisi wa reli tukaao huku twataka kutoa maoni yetu kabla ya mkutano. Kompyuta hiyo moja ndiyo iliyoshika daftari la wanachama, hesabu ya ada, na majina ya wake, waume na watoto wetu kwa ajili ya msaada wa mazishi. Makarani wote huifikia kwa waya kutoka meza zao. Mashine ya kazi hiyo huitwa seva. Lakini ndani yake mna Windows 10, mfumo uliotengenezwa kwa mtu mmoja aliyeketi mezani.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza matunzo ya kawaida ya Windows 10. Iliwekwa nyongeza ya muda kwa waliojiandikisha, lakini nyongeza ni kiraka tu katika suruali ya kazi. Windows 11 nayo hutaka mashine yenye kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani. Yetu haina. Basi lazima tuchague.

Wenzetu wengine wasema tununue mashine mpya yenye Windows 11, mambo yaishe. Hoja yao twaiheshimu: kila kijana aijua, na kugawa folda ni kazi ya dakika chache. Lakini someni leseni yake. Windows ya mezani huruhusu vifaa visivyozidi 20 kuifikia kwa faili na uchapaji. Leo meza zetu ni sita. Je, siku wanachama watakapotaka kuangalia ada zao kwa simu? Tena hupenda kujizima na kujiwasha upya kwa ajili ya masahihisho, na isipoguswa kwa muda hulala. Askari wa usiku alalaye kazini sote twamjua.

Windows Server ipo, na ni mfumo mzuri. Ila bei yake huhesabiwa kwa viini vya prosesa, kisha kila mtu au kila kifaa hununuliwa kibali chake. Hizo ni fedha za ada yenu. Fundi mmoja mjini alijitolea kutuwekea ya wizi kwa pesa ya chai. Tulimkatalia. Sisi tudaio malipo ya jasho letu hatuwezi kula jasho la wengine, na isitoshe programu ya wizi hatujui imefichwa nini ndani.

Mac hatutaisema sana. Bei yake yajulikana, na Apple wenyewe waliiacha macOS Server mwezi wa Aprili 2022.

Imebaki Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Debian na Ubuntu ni za ukoo huo, na leseni zake hazilipiwi. Ubuntu ilitoka mwaka 2004 kwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni huu huu utu wetu. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, maana ipo Ubuntu ya mezani na ipo ya seva. Shina ni moja. Tofauti ni mzigo. Behewa la abiria lina viti, taa na madirisha ya vioo, nalo lapendeza. Lakini nani atapakia saruji humo? Vivyo hivyo madirisha na picha za mezani hula kumbukumbu ya mashine bila faida, maana hakuna aketiye mbele ya seva. Debian isiyo na madirisha hutosheka na kumbukumbu ya GB 1, kwa hiyo mashine yetu kuukuu yafaa. Makarani wabaki na Windows zao mezani, mradi ziwe bado zatunzwa. Programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia, itawaonyesha folda za seva kama kawaida yao.

Jambo moja latutia hofu. Debian ya namna hiyo ni kioo cheusi na amri za kuandika. Ikisimama Jumamosi, nani ataiamsha? Kwa hiyo twaikubali kwa sharti: wanachama watatu wafundishwe, si mmoja, na kila amri iandikwe katika daftari la ofisi kwa Kiswahili. Sisi wa reli twajua mtu huhamishwa Mombasa au Kisumu kwa barua ya siku moja, na ujuzi wake huondoka naye.

Pia wakumbuke wanakamati kwamba chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, habari za jamaa za mtu, hata majina ya watoto wake, ni habari nyeti. Zikivuja, hatutajitetea kwa kusema mfumo ulikuwa mzee.

Fedha zilizotengwa kwa leseni twaomba zinunue betri ya kushika mashine stima ikatikapo, na diski mbili za kunakili daftari kila Ijumaa. Moja ikae ofisini, ya pili ifungwe kwa neno la siri na kuwekwa kwa mweka hazina.